Usiku wa Saa Mbili Asubuhi

Nilipokuwa na miaka tisa, nyumbani kwetu Pasiansi, Mwanza, usiku uliingia saa mbili asubuhi. Haukuingia wenyewe. Bibi yangu alipanda juu ya ndoo iliyopinduliwa, akatundika blanketi la kijivu kwenye misumari miwili juu ya dirisha, akaziba mwanya wa chini ya mlango kwa gunia, kisha akawasha koroboi na kuiweka sakafuni. Nje jua lilikuwa limeshaanza kuchoma mawe. Watoto wa zamu ya asubuhi walipita mbio kwenda shule na fagio zao na madumu ya maji, na redio ya jirani ilikuwa ikisoma matangazo ya vifo. Ndani ulikuwa usiku. Bibi alizunguka chumba kizima akitafuta jua lililojificha, akaziba tundu la mwisho kwa kitambaa, akasema, "Haya. Sasa msimulie mama yako."

Nieleze tulifikaje hapo, maana jambo lenyewe lilikuwa na mantiki kuliko mengi yaliyokuwa yakifanyika nchini wakati huo.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Madukani kulijaa sabuni za kila rangi, na mashirika ya umma yalikuwa yakigundua, moja baada ya jingine, kwamba yana watu wengi kuliko kazi. Shirika la baba liligundua hivyo siku ya Ijumaa. Akaja na barua iliyoanza kwa maneno "Husika na kichwa cha habari hapo juu", na kichwa chenyewe kilikuwa kupunguzwa kazini. Miaka kumi na minne mtu anafanya kazi, halafu anaambiwa ahusike na kichwa cha habari. Baba aliitia barua ile kwenye bahasha ya nailoni kana kwamba ni cheti, akakaa nayo miezi mitatu, kisha akaenda Geita machimboni na wenzake wawili "kuangalia hali". Hali aliiangalia kwa muda mrefu.

Mama akapata kibarua kwenye kiwanda cha minofu kule ufukweni. Zamu ya usiku, kwa kuwa za mchana walizipata waliofahamiana na msimamizi. Kazi yake ilikuwa kukata minofu ya sangara, samaki wengine wakubwa kuliko mimi, juu ya meza ya barafu, kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Minofu ilipanda ndege kwenda Ulaya. Mifupa, ambayo sisi tunaiita mapanki, ilibaki Mwanza, na bibi aliamka mapema kwenda kuigombania.

Mama alirudi asubuhi akinuka samaki na klorini, vidole vimekunjamana na kuwa vyeupe kama vya mtu aliyekaa majini wiki nzima. Tulikuwa na mchezo wetu. Alininyooshea mkono, akafumba macho.

"Finya."

Nilifinya kidole cha kati, kwa kucha, kwa nguvu zangu zote.

"Umeshafinya?"

"Nimefinya, mama."

"Mbona sisikii? Finya basi, wewe vipi? Hukunywa uji?"

Tulicheka sana. Baadaye, vidole vilipoanza kupata joto, hakucheka tena. Alivibana kwapani, akatikisika kidogo mbele na nyuma. "Ganzi yenyewe haina shida," aliniambia siku moja. "Shida inaanza ikitoka."

Tatizo lake jingine lilikuwa usingizi. Mwili ulikuwa umechoka lakini ulikataa kulala jua likiwaka. Na kitu alichokikosa zaidi, alisema, ni hadithi za mama yake. Bibi alizaliwa Ukerewe, na hadithi zake alizitoa baada ya chakula cha usiku, saa ileile ambayo mama alikuwa akivaa mabuti ya mpira langoni mwa kiwanda. Kwa hiyo mama akaanza kuniuliza asubuhi: jana bibi kasimulia nini? Nami, niliyekuwa nasoma zamu ya mchana na sina haraka, nikakaa kitandani miguuni pake nikaanza.

Sikufika mbali. Bibi alitokea jikoni na mwiko mkononi.

"Kabula! Jua liko wapi?"

"Liko juu, bibi."

"Na wewe unafanya nini?"

"Namsimulia mama."

"Unataka mama yako apotee?"

Hapo ndipo nilipoijua sheria. Hadithi ya mchana humpoteza mama. Mama wa anayesimulia au mama wa anayesikiliza, haichagui. Bibi alitaja watu, kwa majina na vijiji, waliosimulia wakipalilia muhogo na kurudi nyumbani kukuta mkeka mtupu. Mama alianza kucheka.

"Mama nawe, hapa ni mjini."

"Mjini jua halitoki?"

"Linatoka, lakini..."

"Halafu wewe unayetega sikio, mama yako ni nani? Si mimi? Mnaniua nikiwa jikoni, ugali uko motoni!"

Nimesoma baadaye, katika vitabu vya wasomi, kwamba katazo hili linapatikana kwa makabila mengi na kwamba lilibuniwa ili watu wasikae wakipiga soga wakati wa kilimo. Ni maelezo mazuri. Kasoro yake ni moja tu, kwamba walioyaandika hawakuwahi kusimama mbele ya bibi yangu akiwa na mwiko.

Mama ndiye aliyetoa wazo, nusu akitania. "Sasa kama shida ni jua, si tulifungie nje?"

Bibi alilitafakari wazo hilo kwa muda ambao kamati ya wilaya huutumia kwenye suala la posho. Kisha akaenda kutafuta misumari.

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi yangu ya kwanza maishani, na kwa kweli ndiyo niliyoifanya kwa moyo kuliko zote zilizofuata. Usiku nilipokea, asubuhi nilifikisha. Bibi alisimulia polepole, hadithi moja siku tatu nne, akikatisha mahali pabaya kwa makusudi. Mimi nilirudia mbele ya koroboi kila neno na kila mguno, na mama alilala kwenye mto uliojazwa vitambaa, macho yakififia, mikono ikiwa kwapani. Mara nyingi alisinzia katikati. Tulikuwa na amri nyumbani: aliyetoka zamu haamshwi. Hata jirani yetu, fundi mabati, alijifunza kugonga kuanzia saa nane.

Hadithi ya mwisho ilikuwa ya kisiwa kinachotembea.

Palikuwa na mwanamke aliyekwenda kisiwani kuokota kuni, mtoto wake akabaki ufukweni. Kisiwa chenyewe kilikuwa na tabia: mgeni akilala, kinapiga hatua moja kwenda katikati ya ziwa. Mwanamke alikuwa amechoka. Akaweka mzigo chini ya mti, akasema nipumzike kidogo. Alipoamka, mtumbwi umechukuliwa na maji na nyumba yake imekuwa nukta. Mtoto akaanza kumwita. Kila aliposikia jina lake mwanamke aliamka, na kisiwa kikasimama. Kila aliposinzia, kikatembea. Mtoto anaita, mama anaamka, mtoto anachoka, mama anasinzia. Mama yangu alimpenda sana mwanamke yule. "Huyo namjua," alisema. "Tuko naye zamu moja."

Usiku ambao bibi alifikia mwisho, nililala. Nakumbuka sauti yake ikiwa mbali, nakumbuka neno "mawe", basi. Asubuhi nilikuwa na kisiwa chote kichwani bila mwisho wake.

Asubuhi hiyohiyo mama alirudi akitetemeka. Alikuwa na homa tangu juzi yake, lakini kibarua asipotokea siku moja nafasi yake huchukuliwa na aliye nje ya geti, na nje ya geti siku zote kulikuwa na watu. Bibi alimshika paji la uso, akatundika blanketi, akawasha koroboi, akafunga kitenge kifuani. "Naenda kutafuta klorokwini," akaniambia. "Kaa naye."

Mama hakuninyooshea mkono nimfinye. Alijikunja kama mtoto, meno yakigongana. Juu yake kulikuwa na shuka na vitenge viwili, ndivyo tulivyokuwa navyo. Kisha akafumbua macho, akaangalia dirishani.

"Kabula. Lishushe hilo blanketi unifunike."

"Bibi atasema..."

"Mwanangu, nasikia baridi."

Nikapanda juu ya ndoo, nikalishusha. Jua likaingia chumbani lote kwa mara moja, likafika mpaka kitandani. Moto wa koroboi ulikuwa bado unawaka lakini haukuonekana tena. Nikamfunika, nikalisukuma blanketi chini ya miguu yake kama alivyokuwa akinifanyia mimi. Akatulia kidogo.

"Haya, nimalizie kile kisiwa."

"Sasa hivi? Ni mchana, mama."

"Bibi yako hayupo. Nimalizie nilale."

Nilikuwa na mambo mawili ya kuogopa: jua, na ule mwisho nisiokuwa nao. La pili lilinisumbua zaidi. Sikutaka ajue kwamba nilisinzia kazini. Basi nikabuni. Nikamwambia kwamba mwanamke alimsikia mtoto wake akiita, akainua kichwa, akatazama huku na huku. Kisiwani kulikuwa kimya. Hakuna king'ora cha kiwanda, hakuna msimamizi, hakuna wa kumwamsha. Upepo mzuri. Akasema, ngoja nilale kidogo tu, halafu nitarudi.

"Halafu?" mama akauliza.

"Halafu akalala."

Akatabasamu, macho yamefumba. "Ana akili huyo," akasema.

Bibi aliporudi na vidonge kwenye karatasi alisimama mlangoni. Aliangalia dirisha, akaangalia misumari mitupu, akaniangalia mimi.

"Umesimulia?"

"Ndiyo, bibi."

Alisogea kitandani, akaona mama anapumua, usingizi umemshika kweli kwa mara ya kwanza wiki nzima. Akashika vidonge mkononi kwa muda. Aliyetoka zamu haamshwi. Akaviweka kwenye kisosi pembeni. Mimi nikavaa sare nikaenda shule, tukafundishwa mikoa ya Tanzania na mazao yake makuu. Niliporudi jioni, mlangoni kwetu kulikuwa na viatu vingi.

Nilivihesabu. Jozi kumi na saba na kandambili moja isiyo na mwenzake. Nakumbuka nilijiuliza mwenye kandambili moja amefikaje. Mtu akanishika bega, mwingine akaniambia nilie, lia mwanangu, na mimi nikatafuta pa kuanzia nisipaone. Ndani, blanketi lilikuwa limerudishwa dirishani. Bibi alikuwa amekaa sakafuni chini yake, miguu ameinyoosha. Alinivuta nikakaa ubavuni pake.

"Tulikuwa mama wawili," akasema kwa sauti ya kawaida, kama anayezungumzia foleni ya mapanki. "Yeye na mimi. Ingeweza kunichukua mimi."

Hakusema tena kuhusu hilo. Nilikuwa nikifinya kidole changu cha kati kwa kucha, na nilikuwa nikishangaa kwamba hakisikii kitu, kama cha mama.

Kesho yake asubuhi tulikwenda ofisi ya kata, bibi na mimi. Bibi alitaka binti yake akazikwe Ukerewe kwao, na meli ya Nansio, bandari ya huko, ilikuwa inaondoka saa nane mchana. Bila kibali chenye mhuri, maiti haipandi. Wanaume wa mtaani walikuwa wakitengeneza sanduku, baba alikuwa Geita na habari zilikuwa bado njiani kwenda kwake, na bibi alikuwa hasomi. Mimi nilikuwa nasoma. Kwa hiyo ujumbe rasmi wa familia ulikuwa ni sisi wawili.

Wengi waliofika pale kabla yetu walikuwa wamekaa kwenye benchi kwa namna ya watu waliozoea benchi. Saa ya ukutani ilikuwa imesimama saa tatu na nusu, kwa hiyo ofisi ile ilikuwa wazi muda wote, mchana na usiku. Mtendaji alikuwa mtu wa makamo, mwenye kalamu tatu mfukoni na kikombe cha chai kilichofunikwa kwa kitabu cha stakabadhi. Alipomwona bibi alisimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Poleni sana. Nimesikia. Kaeni, kaeni." Akavuta fomu, akainyoosha kwa kiganja. "Marehemu alikuwa mfanyakazi wa wapi?"

"Kiwandani kwa samaki," nikasema.

"Mna barua ya mwajiri?"

Tulikuwa tumepita huko tukiwa njiani. Mlinzi wa geti aliingia ndani, akarudi, akatuambia kwa upole kwamba vibarua hawamo kwenye daftari, kwa hiyo mtu huyo hakuwahi kufanya kazi pale, kwa hiyo hawawezi kuandika kwamba amefariki. Nilimweleza Mtendaji hivyohivyo. Alitikisa kichwa kama mtu anayetambua kazi nzuri ya ofisi nyingine, akaandika "Mkulima".

"Alifia nyumbani?"

"Nyumbani."

"Hapo sasa." Akaweka kalamu chini. "Aliyefia hospitali, hospitali wanaandika. Aliyefia nyumbani, mimi ndiye naulizwa. Sababu ya kifo?"

"Homa," bibi akasema.

"Homa ni dalili, mama. Hapa wameandika sababu." Akamwonyesha neno kwenye fomu, naye bibi akalitazama kwa heshima. "Nani alikuwepo?"

"Mimi," nikasema.

"Eeh, binti. Ilikuwaje?"

Sikuwa nimepanga kusema. Wala sikuwa na hofu wala uchungu. Ilikuwa kama kujibu swali darasani, jibu ninalo, mwalimu ameuliza.

"Nilimsimulia hadithi mchana."

Benchi lote likageuka. Mtendaji akamtazama bibi, na bibi akatazama sakafu. Kisha Mtendaji akacheka kicheko kifupi cha kiofisi.

"Hayo mambo ya zamani, binti. Hata kwetu yapo. Serikali haina kisanduku cha kuyaandika." Akachukua kalamu, akairudisha chini. "Hadithi gani yenyewe?"

Nikaanza. Nilisimulia kama nilivyozoea, kila neno na kila mguno, ila sauti ilikuwa ya mtu mwingine. Mwanamke akaenda kuokota kuni. Mtoto akabaki ufukweni. Kisiwa kina tabia yake. Nilipofika pale mwanamke anapoweka mzigo chini aseme nipumzike kidogo, Mtendaji aliinua mkono.

"Ngoja. Ngoja kwanza."

Aliangalia dirisha. Jua lilikuwa limelala juu ya meza, juu ya fomu, juu ya mikono yake. Alijikuna shingo.

"Mimi mama yangu bado yupo," akasema, bila kumlenga mtu. "Yuko Magu. Ana sukari."

Akainuka, akafunga dirisha la mbao la kwanza, akafunga la pili, akawaomba watu wa benchi watoke nje, akafunga na mlango. Akavuta droo, akatoa kipande cha mshumaa alichokuwa akiyeyushia lakiri ya kufungia bahasha za siri, akauwasha, akausimamisha juu ya kifuniko cha wino. Nje mtu akagonga.

"Mtendaji! Mmefunga?"

"Kuna kikao!" akajibu. Kisha akaketi, akakunja mikono. "Endelea, binti."

Basi usiku ukaingia katika ofisi ya kata, saa nne hivi asubuhi, nami nikaendelea. Mtoto anaita, mama anaamka. Mtoto anachoka, mama anasinzia. Nikafika pale sauti ya mtoto inapoanza kukauka, nikasimama. Mwisho wangu nilikuwa nao mdomoni. Ulikataa kutoka.

"Ikawaje?" Mtendaji akauliza. Alikuwa ameegemea mbele, na kwa mwanga ule alionekana mdogo kuliko mimi.

"Sijui," nikasema. "Nilisinzia. Mama nilimwambia alilala tu kisiwani."

Halafu bibi, ambaye tangu jana alikuwa amesema maneno yasiyozidi ishirini, akakohoa kusafisha koo, kama alivyofanya kila jioni akishasukuma sahani pembeni.

"Mtoto aliita mpaka sauti ikakauka," akasema. "Ikawa haina maji tena. Ikawa inatoka kavu, nzito, inaanguka mbele ya miguu yake, inazama. Anaita mara moja, jiwe. Anaita mara ya pili, jiwe. Yeye hajui, anaita tu. Mawe yakapandana mpaka yakatokeza juu ya maji, moja huku, moja kule, kama yale unayoyaona ziwani hapa Mwanza. Mama yake kule kisiwani akaona njia. Akatia mguu kwenye la kwanza."

"Akafika?" Mtendaji akauliza.

"Akafika. Amelowa mpaka magotini. Kuni kaziacha hukohuko."

Kisha akanigeukia. Hakuwa amenitazama usoni tangu jana. "Ulisinzia imebaki kidogo tu," akasema. "Mimi niliona. Nikasema mtoto amechoka, nimwache. Nilitakiwa kukuamsha, mke mwenzangu. Kosa ni langu."

Mshumaa ulikuwa umekaribia kwisha. Mtendaji alivuta kamasi, akausingizia moshi, akaandika. Nikasoma maandishi yake kinyumenyume, neno lililokuwa dalili dakika chache kabla: "Homa". Akapiga mhuri, akautazama, akauona hautoshi. Akachukua kijiti cha lakiri, akakiyeyusha kwenye ule mshumaa, akadondosha tone kubwa jekundu chini ya saini yake, ambalo hakuna kanuni yoyote iliyolitaka. Ndipo akafungua madirisha.

Meli tuliiwahi.

Baba alifika Ukerewe siku nne baada ya maziko. Kibali alikitia kwenye bahasha yake ya nailoni pamoja na ile barua ya kichwa cha habari, na hadi leo vinakaa pamoja, ninavyo mimi. Lakiri imepasuka kidogo. Katika karatasi hizo mbili mama yangu ni mkulima na baba yangu ni kichwa cha habari, na mahali pekee panaposema kitu cha kweli ni lile tone ambalo halina neno.

Sikulia siku ile. Sikulia makaburini, wala bibi alipomfuata binti yake miaka mitano baadaye, wala nilipofaulu, wala nilipoolewa, siku ambayo kwa desturi mtu huruhusiwa. Watu walisema nina moyo mgumu, wengine kwamba nimekomaa. Nilijifinya mara kwa mara kuona. Nilijua pia, kwa akili ya mtu aliyesoma, kwamba mama aliuawa na malaria, au mapafu, au barafu, au geti ambalo nje yake kulikuwa na watu wengi mno. Nilijua vidonge vilikuwa kwenye kisosi. Kujua huko hakukunisaidia chochote. Maneno ya mwisho aliyokwenda nayo usingizini niliyatunga mimi, kuficha uzembe, na aliyasifu. Sijaona kitabu kinachosema niyaweke wapi.

Jumapili moja mwaka jana umeme ulikatika mchana, saa saba. Binti yangu, ambaye ana miaka minane na hajawahi kukaa dakika kumi bila skrini, akajitupa ubavuni pangu akidai hadithi. Nikasema sawa, nikaketi. Mimi sina mama tena. Mtu asiye na mama anaweza kusimulia saa sita kamili juu ya mwamba, hakuna cha kumpata. Nikafungua mdomo, nikamtazama anavyonisikiliza, ndipo nikakumbuka kwamba sheria ina upande wa pili. Anayesikiliza naye ana mama.

Nikainuka, nikavuta mapazia. Yalipitisha mwanga, nikatundika na blanketi juu yake.

"Mama, unafanya nini?"

"Usiku," nikasema, nikawasha mshumaa.

Nilimsimulia kisiwa. Mahali fulani katikati, mikono yangu ilianza kuuma, kuanzia kwenye ncha za vidole, ikanibidi niibane kwapani na kuendelea hivyohivyo, nikitikisika kidogo mbele na nyuma. Mtoto anaita, mama anaamka. Sauti ikakauka, jiwe la kwanza likaanguka. Nikamwona binti yangu kichwa kimeinama, macho yanafumba.

Nikamtikisa bega.

"Amka," nikamwambia. "Usilale. Bado hajafika."